Nusu Sauti Chini

Enda Vaughan hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya jambo lenyewe liume zaidi. Angekuwa mjuba, watu wangemsema njia nzima wakirudi makwao na kesho yake wangemsahau. Lakini Enda alikuwa mwalimu mstaafu, mpole, mtu wa kukusimamishia gari mvua ikinyesha. Jumapili ile alasiri, pale baa ya Hehir, alisema alichosema huku akitabasamu na mkono wake ukiwa begani kwa Mzee Murty Considine.

"Mzee wangu, usinielewe vibaya. Fidla yako imeshuka. Nipe nikusaidie kidogo."

Wanamuziki walikuwa sita, wamekizunguka kimeza kimoja kilichojaa glasi. Enda alikuwa na kodiani lake kubwa jekundu mapajani, na kila aliyefika alipata sauti ya kufuata kutoka kwake, maana kodiani halikazwi wala halilegezwi. Likishatoka kwa fundi limetoka. Wenye fidla na banjo ndio wanaokaza nyuzi zao mpaka walifikie, na kijijini kwetu Knockaderra hivyo ndivyo ilivyokuwa kila Jumapili kwa miaka thelathini.

"Iko sawa," Murty akasema. Alikuwa na miaka themanini na minne na hakuwa na mazoea ya kurudia neno.

"Haiko sawa, mzee. Tazama." Enda alitoa mfukoni kidude cha kupimia sauti, akakibana kwenye shingo ya fidla. Taa nyekundu ikawaka mbele ya watu wote. "Umeona? Karibu nusu sauti nzima. Masikio yakizeeka ndivyo yalivyo, si kosa lako."

Murty hakuitazama taa. Alimtazama binti yake. Cepta alikuwa ameketi meza ya pili na mumewe Fintan, na kwa miezi kadhaa alikuwa ameona jinsi watu walivyokuwa wakikunja nyuso baba yake alipoanza kupiga. Aibu ilikuwa imemjaa. Alitaka tu jambo hilo liishe.

"Mwachie tu, baba," akasema. "Anataka kukusaidia."

Enda akaichukua fidla mikononi mwa mzee, akaanza kukaza. Uzi wa kwanza ulikubali. Wa pili ulilia kidogo, ukakubali. Wa tatu ulikatika, ukaruka na kumchapa Murty kwenye kidole.

"Masikini! Nitakuletea mwingine, mzee. Kesho asubuhi."

"Asante, mwalimu," Murty akasema. Akaichukua fidla yake, akailaza sandukuni, akavaa kofia yake na kutoka. Kwetu watu husamehe mengi, lakini mtu akiiacha bia yake nyeusi imefika nusu, kila mmoja anajua kwamba ameumizwa.

&nbsp;

Wiki tatu zilipita bila fidla kusikika katika nyumba ya Considine. Cepta hakutegemea kwamba ukimya ungemsumbua. Alizaliwa akiisikia fidla ile nyuma ya ukuta wa jikoni, na hakuwahi kuifikiria zaidi ya mtu anavyofikiria maji yanayochemka. Kumbe uji wa asubuhi alikuwa akiupika kwa muziki huo. Baba yake akianza wimbo wa kwanza yeye anamimina shayiri, akimaliza wa tatu uji umeiva. Sasa alikuwa ameuunguza mara nne, na Fintan alikuwa akiula bila kusema neno, jambo ambalo Cepta aliliona baya kuliko kulalamika.

Na mwaka huo zamu ya Misa ilikuwa yao. Kila majira ya kuchipua nyumba moja kijijini humkaribisha padri, Misa ikasomwa mezani jikoni, majirani wote wakaja, na baada ya hapo watu wakanywa chai ya vyakula tele na wakacheza. Zamu hukufikia mara moja kwa miaka kumi na miwili, kwa hiyo nyumba hupakwa rangi kana kwamba Baba Mtakatifu mwenyewe anakuja. Fintan alikuwa ngazini tangu Jumatatu.

"Nyuma ya zizi nako?" akauliza kutoka juu. "Padri atapita nyuma ya zizi kufanya nini?"

"Josie Talty atapita," Cepta akajibu. "Na Josie akiona ukuta haujapakwa, parokia nzima imeuona."

Alirudi ndani. Baba yake alikuwa mezani akimenya yai polepole, ganda moja moja.

"Baba, zimebaki siku kumi na mbili."

"Najua kuhesabu."

"Watu watataka kucheza."

"Enda ana kodiani." Murty akaweka chumvi kwenye yai. "Na nimeshazungumza na padri kwenye simu. Akimaliza kunywa chai ataondoka na fidla. Wataiweka kwenye mnada wa paa la kanisa."

Cepta aliketi. Fidla ile ilikuwa ya babu yake. "Umempa padri fidla?"

"Afadhali paa lisivuje. Mtu asiyesikia anachokipiga, fidla ya nini?"

"Hakuna aliyesema husikii."

"Wewe ulikuwepo," Murty akasema, akauma yai lake.

&nbsp;

Cepta hakuwa mtu wa maneno mengi. Akiona jambo limeharibika alitafuta nambari ya simu ya mtu wa kulitengeneza, iwe ni mashine ya kukamulia au moyo wa baba yake. Alipata nafasi kwa mpima masikio mjini Ennis. Mawazo yake yalikuwa rahisi: mzee apewe vifaa vya masikioni, asikie fidla imeshuka, aikaze mwenyewe, mambo yaishe. Murty alikubali kwenda, na kule kukubali bila ubishi kulimtia Cepta hofu.

Mpima masikio alikuwa msichana mwenye nywele fupi. Alimwingiza Murty kwenye kibanda cha kioo, akamvika vipokea sauti na kumpa kitufe cha kubonyeza kila anaposikia mlio. Cepta alikaa nje na kofia ya baba yake mapajani.

"Huu umeusikia?" msichana akauliza kwenye kipaza sauti.

"Nimeusikia. Unafanana na mwanzo wa wimbo wa marehemu mjomba wangu."

"Sawa, mzee, wewe bonyeza tu."

"Huu nao umekaa juu kidogo. Ukiushusha kidogo tu utakuwa mzuri."

"Mzee, bonyeza kitufe."

"Nimebonyeza, binti. Nakuambia tu. Mashine yako ina nyimbo tatu ndani yake na haimalizi hata mmoja."

Msichana alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Mwisho alimwita Cepta, akamwonyesha mstari kwenye karatasi. Kwa umri wake, akasema, masikio ya mzee huyu ni ya kushangaza. Milio ya juu kabisa imepungua kidogo, lakini tofauti ya sauti moja na nyingine anaisikia vizuri kuliko yeye mwenyewe aliyekuwa akimpima.

Waliingia garini. Mvua ilikuwa imeanza. Cepta alitia ufunguo lakini hakuwasha.

"Baba, masikio yako mazima."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo unasikia kwamba fidla iko chini."

"Iko chini kwa Enda." Murty alikuwa akitazama nje, watu wakikimbia na magazeti vichwani. "Kwa mama yako haiko chini."

Cepta akamgeukia. Mama yake, Delia, alikuwa amekufa miaka mitatu kabla. Alikuwa akipiga konsatina, kile kisanduku kidogo cha pembe sita kinachovutwa na kusukumwa kwa mikono miwili, alichorithi kwa shangazi yake. Baada ya mazishi Murty alikipeleka kwa mpwa wa Delia huko Chicago, kwa sababu hakuweza kukiona kikikaa kimya kabatini.

"Konsatina ile ilikuwa ya zamani," Murty akasema. "Zamani walizitengeneza chini. Haziwezi kupandishwa. Siku ya kwanza nilipokwenda kwao, shangazi yake aliniuliza, wewe kijana, unaweza kushuka? Nikalegeza nyuzi zote nne palepale. Miaka hamsini na mmoja sijazikaza."

"Lakini baani ulikuwa ukipiga na Enda."

"Mama yako alipokuwepo, sisi wawili tulipigia nyumbani. Baani nilikuwa nakwenda kunywa. Nilianza kupiga kule baada ya kumzika, maana nyumba ilinishinda." Akafuta ukungu kwenye kioo kwa mkono wa koti. "Nikizikaza, Cepta, nitakuwa nimehama. Mimi huku na yeye kule. Sasa hivi nikipiga, nasikia pale anapoingia. Nikipanda, haingii."

"Kwa nini hukumwambia Enda?"

"Nimwambie nini mbele ya watu? Kwamba nampigia marehemu? Mngenileta mjini kupimwa kichwa badala ya masikio."

Cepta akalia. Alilia kwa sauti, mikono kwenye usukani, jinsi ambavyo hakulia hata kwenye mazishi. "Na mimi nilikuwa upande wake," akasema.

"Ulikuwa," Murty akasema. Hakumwongezea neno la kumfariji, maana hakuwa mtu wa kudanganya. Lakini alimpa leso yake, na waliposimama dukani alinunua uzi mpya wa fidla. Kitu cha kanisa, alisema, hakitolewi kibovu. Usiku ule akaufunga, na zile nyuzi mbili alizokaza Enda akazirudisha chini.

&nbsp;

Gráinne Hehir alikuwa akifuta kaunta Cepta alipoingia baani siku ya pili yake. Ndiye aliyekuwa mwenye baa na ndiye aliyekuwa fidla ya pili ya Jumapili, mwanamke mnene wa miaka arobaini, mwenye ulimi usio na breki. Cepta alimsimulia yote akiwa amesimama, bila kuvua koti.

Gráinne aliacha kufuta. "Kwa hiyo muda wote huu mzee alikuwa anapiga na Delia, na sisi tunawapigia kelele?"

"Ndivyo."

"Yesu, Maria na Yosefu. Na mimi nilikuwa nikisogeza kiti changu mbali naye, Cepta. Nilisogeza kiti!" Akaketi juu ya kreti la chupa. "Enda anajua?"

"Hajui. Na ni jirani. Atakuja kwenye Misa na kodiani lake kama kawaida. Siwezi kwenda kumwambia aliache nyumbani, atakufa kwa aibu."

"Basi usimwambie kitu," Gráinne akasema. "Aje nalo."

&nbsp;

Asubuhi ya Misa jua lilitoka, na Josie Talty akapita nyuma ya zizi kama ilivyotabiriwa. Watu thelathini walipiga magoti kwenye sakafu ya mawe, wanaume karibu na mlango kama kawaida yao, na padri alisoma haraka kwa sababu harufu ya soseji ilikuwa imemfikia. Baada ya baraka ya mwisho meza iligeuka kutoka altare ikawa meza, ikajaa skonzi, siagi, nyama baridi na keki tatu, na kila aliyeleta keki alikuwa akitazama kama yake inakatwa.

Sanduku la fidla lilikuwa mlangoni, kando ya mkoba wa padri. Kila aliyeingia aliliona.

Vikombe vilipoanza kupungua, Enda alivaa mikanda ya kodiani na kupiga wimbo wa kuchangamsha. Alipiga vizuri, hakuna wa kumnyima hilo. Watu wawili watatu walinyanyuka, wakazunguka kidogo, wakakaa. Macho yote yalikuwa yakienda kwenye kiti cha karibu na jiko, ambako Murty alikuwa ameketi na tai yake ya Jumapili, mikono imefungwa kifuani. Cepta alikuwa chumba cha nyuma akijaza birika, akamwaga maji ya moto sinki nzima kwa wasiwasi.

Gráinne alifungua sanduku lake. Enda, kwa mazoea, akambonyezea sauti ya kufuata. Gráinne hakufuata. Alivuka chumba mpaka mlangoni, akalifungua lile sanduku lingine, akatoa fidla ya Murty na kuiweka juu ya magoti ya mzee.

"Nipe sauti, Murty."

"Muulize Enda."

"Nakuuliza wewe. Nimekuja kwako, sikuja kwa Enda."

Padri alikuwa na skonzi nusu ya njia kwenda mdomoni. Murty alimtazama Gráinne kwa muda, akatazama mlango wa chumba cha nyuma, ambako Cepta alikuwa amesimama na birika. Kisha akachukua upinde na kuvuta uzi mmoja, mara moja, kwa urefu.

Gráinne akalegeza. Uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, sikio lake karibu na fidla ya mzee, mpaka zikawa sauti moja. Enda akabonyeza kodiani lake kidogo, ajaribu. Likatoa mgongano wa paka wawili gunia moja.

"Gráinne, umeshuka," akasema.

"Najua."

"Sasa mimi nitapigaje? Hili halishuki."

"Wewe mwalimu," Josie Talty akasema kutoka kwenye kochi, "miaka arobaini umewaambia watoto wa watu wakae wasikilize. Leo kaa usikilize."

Kicheko kilipasuka, na uso wa Enda ukawa mwekundu kama kodiani lenyewe. Kwa dakika ile angeweza kutoka, na kama angetoka, kijiji kingegawanyika vipande viwili mpaka wajukuu. Alimtazama Murty. Sijui aliona nini, lakini hakuwa mjinga, na siku nyingi alikuwa akijiuliza kuhusu uzi ule uliokatika. Akafungua mikanda, akalisukuma kodiani chini ya benchi kwa mguu, akaketi.

Murty akapiga.

Hakupiga kwa kasi. Wale waliozoea wanamuziki wa siku hizi, wanaokimbia kana kwamba basi linawaacha, wangedhani amechoka. Upinde wake ulikuwa mfupi, na kila baada ya muda aliegemea sauti moja kidogo tu kabla ya kuiachia, na kule kuegemea ndiko kulikoinua visigino vya watu. Fidla, kwa kuwa nyuzi zake zilikuwa zimelegea, ilikuwa na sauti nzito, ya kifuani, ya mtu mzima anayeongea bila haraka. Ilikuwa na huzuni, naam, lakini huzuni ya kuchezeka. Josie alisahau magoti yake mabovu, akamvuta Fintan mkono, na kabla wimbo haujarudi mara ya pili watu wanane walikuwa sakafuni, viatu vikigonga mawe.

Enda hakucheza. Alikuwa ameinama mbele, viwiko juu ya magoti. "Mwaka wa tatu sasa ninaketi kando ya mtu huyu," akamwambia padri kwa sauti ya chini, "na sijawahi kumsikia hata siku moja. Nilikuwa napiga." Macho yalikuwa yamemlowa wala hakuyaficha. Padri alinyoosha mkono, akauvuta mkoba wake kutoka mlangoni na kuuweka miguuni pake, sanduku la fidla akaliacha palepale.

Na Cepta, chumba cha nyuma, akasikia kitu ambacho hakuna mwingine aliyekuwa na namna ya kukisikia. Mwishoni mwa sehemu ya pili ya wimbo Murty alikuwa akiacha nafasi. Aliteremka ngazi tatu za sauti, akanyamaza kwa pumzi moja, kisha akaendelea. Wacheza dansi waliliruka pengo lile bila kulijua, na Gráinne, ambaye hakuujua wimbo vizuri, alidhani mzee amesahau. Hakuwa amesahau. Pale ndipo palipokuwa pa konsatina, sauti tano ndogo za kupanda, na Cepta alikuwa amezisikia kupitia ukuta ule tangu akiwa kitandani na wanasesere. Hakuwahi kushika ala yoyote. Watu walisema kipaji kimeruka kikampita.

Pengo lilipokuja tena, mdomo wake ulifunguka wenyewe. Hakukuwa na maneno, dii-didi-dam tu, kama wazee walivyokuwa wakiwaimbia watu wacheze siku ambazo hapakuwa na fidla. Sauti tano, kutoka kati ya vyombo vichafu, akiwa ameshika birika.

Upinde ukasimama. Wacheza dansi wakagongana. Fintan alimkanyaga Josie, akaitwa jina ambalo halijawahi kutajwa mbele ya padri. Cepta alitamani ardhi ipasuke. Miaka yote hakufungua kinywa, na siku aliyofungua ameharibu.

"Cepta," Murty akaita, bila kugeuka.

"Bee, baba."

"Umeingia mapema."

Kifuniko cha birika kikalia mkononi mwake.

"Mama yako alikuwa akiniacha nifike chini kabisa, ndipo anaingia. Ukiingia mapema unanikanyaga." Akaiweka fidla sawasawa chini ya kidevu, na Cepta akaona kwa nyuma masikio yake mazima yamekuwa mekundu. "Njoo huku. Kutoka huko sikupati vizuri. Gráinne, sogeza kiti."

Gráinne akasogeza kiti. Cepta aliweka birika dirishani, akafuta mikono kwenye aproni mara mbili, akapita katikati ya majirani zake wote na kuketi kushoto kwa baba yake. Murty akaanza upya, polepole kuliko mara ya kwanza, na wale wanane wakashikana mikono tena. Sehemu ya kwanza ikapita. Ya pili ikaja, ikaanza kuteremka, moja, mbili, tatu, na Cepta akavuta pumzi.

Safari hii akasubiri.